Somo la Mfanyakazi: Kuchagua Jukwaa la Duka la Mtandaoni



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo zamani halikuhusu mashamba ya chai wala viwanda vya sukari, lakini leo linatuhusu sana. Jambo hilo ni duka la mtandaoni, yaani duka ambalo mteja huliona kwa simu, huchagua bidhaa, hulipa, kisha huletewa mzigo.

Sababu ya kulifundisha ni hii. Mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani, na mikono mingi inapunguzwa. Kule Kericho, nchini Kenya, ghadhabu juu ya mashine hizo ilifika mahali pa kuzichoma moto mwezi Mei 2023. Mfanyakazi anapoachishwa kazi hupewa malipo yake ya mwisho, na mara nyingi wenzake humwambia: "Tuunganishe fedha, tuanzishe mradi." Hufuma vikapu, hupika sabuni, husaga kahawa, au hurina asali. Kisha hutokea mtu mwenye maneno matamu akawaambia kwamba bidhaa zitanunuliwa hata Ulaya, mradi wampe fedha awafungulie duka mtandaoni.

Fedha hizo ni jasho la miaka mingi, na zikipotea hazirudi. Kwa hiyo yafaa kila mwanachama aelewe mambo haya kabla ya kutoa hata shilingi moja.

1. JUKWAA NI NINI?

Jukwaa ni mahali duka linaposimama. Duka la kawaida huhitaji kiwanja, kuta, kufuli, daftari na sanduku la fedha. Duka la mtandaoni nalo huhitaji vitu hivyo hivyo kwa namna nyingine: anwani yake, kurasa za kuonyesha bidhaa, neno la siri la kufungulia, daftari la maagizo, na njia ya kupokea malipo. Programu inayokusanya mambo hayo yote pamoja ndiyo tunayoiita jukwaa.

Majukwaa ni mengi na majina yake ni mengi, lakini aina zake kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kibanda katika soko la mtu mwingine. Ya pili ni duka la kukodi. Ya tatu ni duka la kujenga wenyewe. Ukizijua hizi tatu, hakuna dalali atakayekubabaisha kwa majina.

2. KIBANDA KATIKA SOKO LA MTU

Mfano wa aina hii ni Jumia, iliyoanza Lagos, Nigeria, mwaka 2012, na kuenea katika nchi nyingi za Afrika. Mifano mingine ni Amazon ya Marekani, na Etsy, iliyoanzishwa New York mwaka 2005 kwa ajili ya watu wanaouza kazi za mikono.

Faida yake ni wazi. Watu tayari wako sokoni, nawe unaweka bidhaa zako mbele yao. Mara nyingi hulipi kodi kubwa ya kuanzia, kwa kuwa mwenye soko huchukua kamisheni kila unapouza. Usipouza, hasara yako si kubwa.

Hasara yake pia ni wazi. Soko si lako. Mwenye soko ndiye anayepanga kamisheni, ndiye anayeamua bidhaa ya nani ionekane mbele, na ndiye anayemjua mteja. Wewe unajua tu kwamba kikapu kimeuzwa.

Tutazame mambo mawili yaliyotokea kweli.

La kwanza ni la jirani zetu wa Tanzania. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya Jumia ilifunga shughuli zake nchini humo, kama ilivyofunga Cameroon mwezi huo huo. Uamuzi ulikuwa wa kampuni, kwa hesabu za kampuni. Hiyo ndiyo kawaida ya soko la mtu: likifungwa, mfanyabiashara aliyekuwa na kibanda hapo tu huamka hana pa kuuzia, na muuzaji mwenye wateja wake katika daftari lake huendelea.

La pili ni la Etsy. Mwezi Aprili 2022 kampuni hiyo ilipandisha kamisheni yake kutoka asilimia 5 hadi asilimia 6.5. Wauzaji wengi walikasirika, wakaandika malalamiko ya pamoja, na kuanzia tarehe 11 Aprili maelfu yao walifunga vibanda vyao kwa juma zima. Huo ulikuwa mgomo hasa, ingawa waliogoma hawakuwa na mwajiri kwa jina. Kamisheni haikurudishwa chini. Hata hivyo sisi wafanyakazi tunajifunza jambo: mtu anaweza kuitwa "mfanyabiashara huru" na bado mapato yake yakapangwa na mtu asiyeketi naye mezani. Na mgomo wa watu waliotawanyika, wasio na mkataba wa pamoja wala mahali pengine pa kuuzia, ni mgomo mgumu.

3. DUKA LA KUKODI

Hapa unapewa duka kamili, lenye jina lako mlangoni, lakini jengo ni la mwingine. Jukwaa linalojulikana zaidi la aina hii ni Shopify, kutoka Ottawa, Canada. Historia yake inafundisha. Mwaka 2004 vijana wachache walitaka kuuza mtandaoni vibao vya kutelezea juu ya theluji. Hawakuridhika na programu zilizokuwapo, wakatengeneza ya kwao. Baadaye waliona kwamba programu ile ina thamani kuliko vibao, na mwaka 2006 wakaanza kuikodisha kwa wengine. Ni kama fundi aliyegundua kwamba kukodisha cherehani kuna faida kuliko kushona.

Uzuri wa duka la kukodi ni urahisi. Huhitaji fundi wa kukujengea. Ulinzi dhidi ya wezi wa mitandaoni, na matengenezo ya programu, ni kazi ya mwenye jengo. Mtu aliyezoea simu anaweza kupanga bidhaa kwa siku chache.

Lakini angalieni mambo matatu.

Kwanza, kodi hulipwa kila mwezi, uuze usiuze, na huhesabiwa kwa dola. Shilingi ikishuka, kodi inapanda bila mtu kuigusa. Na mwenye nyumba anaweza kuipandisha pia. Mwaka 2023 Shopify ilipandisha kodi ya mpango wake wa msingi kutoka dola 29 hadi dola 39 kwa mwezi.

Pili, kuna tozo juu ya malipo. Shopify ina njia yake yenyewe ya kupokea fedha, lakini njia hiyo haikufikishwa katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Muuzaji wa kwetu hulazimika kutumia wakala mwingine wa malipo, kisha katika mpango wa msingi hutozwa asilimia 2 ya mauzo kwa sababu hakutumia njia ya Shopify. Yaani anatozwa kwa kutopita mlango ambao hakufunguliwa.

Tatu, ukiacha kulipa, duka hufungwa. Maneno na picha unaweza kuondoka nazo ukizihifadhi mapema. Sura ya duka na mpangilio wake hubaki kwa mwenye jengo.

4. DUKA LA KUJENGA WENYEWE

Aina ya tatu hutumia programu huria. Programu huria ni ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuitumia na kuibadilisha bila kulipia ruhusa. Mfano mkubwa ni WooCommerce, iliyotolewa mwaka 2011 na WooThemes, kampuni iliyokuwa na makao yake Cape Town, Afrika Kusini. Programu hiyo hukaa juu ya nyingine iitwayo WordPress. Mwaka 2015 ilinunuliwa na kampuni ya Marekani, Automattic, lakini imebaki huria. Nyingine ni PrestaShop, iliyotoka Ufaransa, na OpenCart.

Hapa lazima tuseme wazi, maana wengi wamedanganyika. Programu ni ya bure, lakini duka si la bure. Ni kama kupewa kiwanja bila kulipia: bado utanunua matofali na kumlipa mwashi. Utalipia jina la duka kila mwaka. Utalipia nafasi katika seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ili duka lionekane. Na utahitaji fundi, kwa sababu programu isiyofanyiwa matengenezo ni kama mlango wenye kufuli bovu.

Mfano wa Magento unatosha. Toleo la kwanza la programu hiyo lilitoka mwaka 2008, na maduka mengi duniani yakajengwa juu yake. Mwezi Juni 2020 wenyewe waliacha kulitengeneza, wakawataka watu wahamie toleo la pili. Toleo la pili lilikuwa tofauti kiasi kwamba kuhama kulikuwa karibu sawa na kujenga upya. Waliobaki katika la kwanza walibaki bila viraka vya ulinzi, na wezi wa namba za kadi walilijua hilo.

Faida ya kujenga ni uhuru. Mwenye seva akipandisha bei, mnahamisha duka zima kwenda seva nyingine, pamoja na daftari la wateja, na mteja hatambui chochote kwa kuwa anwani ni ile ile. Pia ni rahisi kuunganisha mawakala wa malipo wa kwetu, kama Pesapal au Flutterwave, ambao hupokea fedha za simu pamoja na kadi.

5. JE, FACEBOOK NA WHATSAPP HAZITOSHI?

Wenzetu wengi huuza huko, na kwa kuanzia si vibaya. Hakuna kodi, na wateja ni watu wanaokufahamu. Lakini ni kutandika mkeka kando ya barabara ya mwingine. Hapa Uganda tuliliona hilo Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi mkuu serikali ilifunga Facebook, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti iliporudi, Facebook haikurudi nayo. Aliyekuwa ameandika namba za wateja wake katika daftari aliwapigia simu. Aliyewaacha wateja wote ndani ya Facebook aliwapoteza.

6. HESABU KABLA YA SIFA

Sasa tupige hesabu. Namba zifuatazo ni za mfano tu, kila kikundi kiweke zake.

Tuseme soko la mtu linakata kamisheni ya asilimia 15. Tuseme duka la kukodi ni dola 39 kwa mwezi, na dola moja ni shilingi 3,700, basi kodi ni shilingi 144,300. Juu yake kuna tozo ya asilimia 2, na wakala wa malipo anakata asilimia 3.5. Tuseme duka la kujenga linatumia shilingi 40,000 kwa mwezi kwa seva na jina, na 100,000 kwa fundi, na wakala yule yule wa asilimia 3.5.

Mkiuza shilingi 300,000 kwa mwezi, gharama zitakuwa hivi:
Soko la mtu: shilingi 45,000.
Duka la kukodi: shilingi 160,800.
Duka la kujenga: shilingi 150,500.

Mkiuza shilingi 1,000,000:
Soko la mtu: shilingi 150,000.
Duka la kukodi: shilingi 199,300.
Duka la kujenga: shilingi 175,000.

Mkiuza shilingi 4,000,000:
Soko la mtu: shilingi 600,000.
Duka la kukodi: shilingi 364,300.
Duka la kujenga: shilingi 280,000.

Hesabu inasema nini? Kikundi kichanga kinachouza kidogo kikijenga duka la kifahari, gharama zitakula nusu ya mapato. Kwa namba hizi, duka la kujenga linaanza kuwa nafuu kuliko soko mauzo yakipita kiasi cha shilingi 1,220,000 kwa mwezi, na duka la kukodi yakipita kiasi cha 1,520,000. Kwa hiyo swali la kwanza si "jukwaa gani ni zuri?" bali ni "sisi tunauza kiasi gani?" Na anayewataka mjenge kabla ya kuuza hata kikapu kimoja sokoni, mwulizeni yeye anapata nini.

Hesabu ya pili ni ya ujira, na hii husahauliwa mara nyingi. Tuseme kikapu kinauzwa shilingi 40,000. Nyuzi, rangi na kufungasha ni 11,000. Kamisheni ya asilimia 15 ni 6,000. Kinabaki 23,000. Mfumaji ametumia siku 3, basi ujira wake ni shilingi 7,600 na ushei kwa siku. Sasa mwenye soko anatangaza juma la bei nafuu na kuwataka wauzaji wote wapunguze asilimia 10. Bei inakuwa 36,000, kamisheni 5,400, vifaa ni vile vile 11,000. Kinabaki 19,600, yaani kama shilingi 6,500 kwa siku. Punguzo la asilimia 10 kwa mteja limekata karibu asilimia 15 ya ujira wa mfumaji. Ndugu, kama mwajiri angekata mshahara hivyo tungeitisha mkutano. Basi tusijikate wenyewe bila kuhesabu.

7. UFUNGUO UWE MKONONI MWA NANI?

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjika, kuliko hata kwa kuchagua jukwaa baya. Kijana anayejua kompyuta hupewa kazi ya kufungua duka. Hana nia mbaya. Anaandikisha duka kwa barua pepe yake, anaandika namba yake ya simu ipokee fedha, na neno la siri analo yeye peke yake. Mwaka unapita, kijana anahamia mjini, au anakosana na mwenyekiti. Duka, jina, wateja na fedha vyote vimeondoka naye, na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba vilikuwa mali ya kikundi.

Wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao wafumaji, walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844 hawakuwa na kompyuta, lakini walijua jambo hili. Vitabu vya hesabu viwe wazi kwa wanachama, na kila mwanachama awe na kura moja. Kwa duka la mtandaoni kanuni hiyo maana yake ni hii:

(a) Jina la duka liandikishwe kwa jina la kikundi, na risiti ikae katika jalada la katibu.
(b) Barua pepe ya duka iwe ya kikundi, si ya mtu.
(c) Neno la siri lijulikane kwa viongozi wawili, na nakala iwe katika bahasha iliyofungwa kwa mweka hazina. Likibadilishwa, na bahasha ibadilishwe.
(d) Fedha za simu ziingie katika akaunti iliyoandikishwa kwa kikundi, na kuzitoa kuhitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja.
(e) Kila mwisho wa mwezi, orodha ya bidhaa, maagizo na wateja ihifadhiwe nje ya jukwaa, na muhtasari wake usomwe mbele ya wanachama.
(f) Fundi afanye kazi kwa mkataba wa maandishi, unaosema kwamba kila alichotengeneza ni mali ya kikundi.

Tukumbuke pia kwamba majina na namba za wateja ni amana. Uganda ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Kenya vivyo hivyo mwaka huo huo. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Daftari la wateja haliuzwi wala halipewi mtu mwingine bila ridhaa yao.

8. MALIPO NA USAFIRISHAJI

Jukwaa zuri lisilopokea fedha za simu ni sawa na duka lililofungwa. Huduma ya fedha za simu ilianza Kenya kwa M-Pesa mwaka 2007 na hapa Uganda kwa MTN mwaka 2009, na wateja wetu wengi hawana kadi ya benki. Ulizeni: jukwaa linapokea MTN na Airtel? Fedha hufika kwetu baada ya siku ngapi? Kikundi chenye mtaji mdogo kikikaa majuma mawili bila fedha hakiwezi kununua nyuzi.

Kulipa mzigo ukifika humpendeza mteja, lakini akikataa kupokea, nauli ya kwenda na kurudi ni yenu. Afadhali mteja wa mbali alipe kwanza angalau nauli. Na mizigo ipelekwe kwa basi lenye ofisi ya vifurushi na stakabadhi, si kwa kumwomba dereva tu.

9. HATUA ZA KUFUATA

Kwanza uzeni kwa mkono na kwa simu kwa miezi mitatu, mkiandika kila kitu. Pili, kama mauzo yapo, wekeni bidhaa chache katika soko la mtu, huku mkiandika namba za wateja wanaokuja kwenu wenyewe. Tatu, nunueni mapema jina la duka, hata kama bado hamna duka, kwa kuwa jina ni rahisi kulilipia na ndilo mteja atakalolikumbuka. Nne, mauzo yakizidi mpaka mliohesabu, kodisheni au jengeni. Mkiwa na fundi mwaminifu wa karibu, kujenga kunafaa. Msipokuwa naye, kukodi ni salama zaidi kuliko kujenga jengo lisilo na mlinzi. Tano, kila mwaka pigeni hesabu upya.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Taja aina tatu za majukwaa, na hasara moja ya kila aina.
2. Kwa nini mgomo wa wauzaji wa Etsy mwaka 2022 ulikuwa mgumu kuliko mgomo wa kiwandani? Wangeweza kujiandaa namna gani?
3. Kikundi kinauza shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa kutumia namba za somo hili, gharama ya kila aina ni kiasi gani? Mngechagua ipi?
4. Chukueni bidhaa moja inayotengenezwa na wanachama wenu. Toeni gharama zote, kisha gawanyeni kwa siku za kazi. Je, ujira huo unazidi au unapungua mshahara wa shambani?
5. Kama mwenye neno la siri la duka lenu angehama leo usiku, kesho asubuhi mngekuwa na nini mkononi?